Mashine kongwe za kamari: namna ya kuzitafuta, kuzitambua na kuzitunza ukiwa Uganda

Mashine ya kwanza niliyonunua ilinila laki nane, nayo ilikuwa ya uongo. Aliyeniuzia, mfanyabiashara mmoja wa Kampala, aliniapia kuwa ni ya mwaka 1910, imetoka Marekani, na imelala stoo tangu Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972. Hadithi tamu. Niliipakia nyuma ya taksi hadi Jinja, nikaiweka juu ya meza ya karakana, nikaigeuza. Skrubu zote nne za mgongoni zilikuwa za nyota. Nilikaa kwenye stuli nikacheka peke yangu, maana mimi ni fundi wa cherehani na mizani na skrubu ndizo zinazonilisha. Skrubu za nyota ziliingia viwandani katikati ya miaka ya 1930. Mashine ya 1910 haizijui, ila kama kuna mtu aliibadilishia. Nilipozifungua nikakuta ndani kumejaa plastiki.

Tangu siku hiyo siamini uso wa mashine mpaka nimeuona mgongo wake. Yote ninayoeleza hapa yanatoka humo.

Kwanza tuelewane ni mashine zipi. Siongelei zile za taa na kelele zilizojaa kwenye vibanda vya mitaani na vijana wanaoziachia mshahara. Naongelea mashine za mkono: kasha la chuma au mbao, dirisha dogo lenye magurudumu matatu ya picha, na mkono wa chuma upande wa kulia. Hazina waya wala soketi. Nguvu yake ni springi na bega la anayevuta.

Hatua ya 1: Jifunze vizazi vyake

Huwezi kukisia umri wa mtu kama hujui watu wanavyozeeka. Mashine nazo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1891 kampuni ya Sittman na Pitt, huko Brooklyn, ilitengeneza mashine yenye ngoma tano zilizobandikwa karata 50. Haikutoa pesa, ukishinda ulipewa bia au sigara na mwenye baa. Karata mbili zilikuwa zimeondolewa kwenye pakiti, shupaza ya kumi na jeki ya kopa, ili mpangilio mkubwa wa karata za poka usipatikane kirahisi. Wizi wa kistaarabu ulianza mapema.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Charles Fey, fundi aliyezaliwa Bavaria na kuhamia San Francisco, alipunguza ngoma hadi magurudumu matatu na kuifanya mashine ilipe yenyewe. Aliita Liberty Bell. Kila gurudumu lilikuwa na vituo 10, kwa hiyo kulikuwa na namna 1,000 za picha kukaa. Kengele tatu zililipa senti 50 za Marekani, na hakukuwa na malipo makubwa kuliko hayo. Za Fey mwenyewe zilizobaki zinahesabika, kwa hiyo mtu akikuletea Liberty Bell ya Fey hapa Uganda, mpe chai umsikilize, pesa usitoe.

Mwaka 1907 Mills Novelty Company ya Chicago ilianza kuzitoa kwa wingi, za chuma cha kumimina, nzito kama jiwe la kusagia. Muda si mrefu picha za karata zikaachia matunda: cheri, limau, chungwa, plamu. Matunda hayo yalitokana na hila ya sheria. Kamari ilipobanwa, mashine zikajifanya zinauza ubani wa kutafuna, na picha zikaonyesha ladha za ubani. Kile kipande cheusi chenye neno BAR kilitokana na nembo ya ubani huo. Wakati huo huo vituo viliongezeka hadi 20 kwa gurudumu, yaani namna 8,000. Mchezaji hakuona tofauti, mwenye mashine aliiona.

Katikati ya miaka ya 1910 kasha likaanza kuwa la mbao, uso ukawa wa aluminiamu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja jakpoti, ile sarafu unayoiona nyuma ya kioo imelala inakuita. Miaka ya 1930 ndiyo ya mapambo: tai, simba, ngome, machifu. Vita vya pili vikasimamisha utengenezaji Marekani, na mwaka 1951 sheria ya shirikisho iliyoitwa Johnson Act ikazuia kuzisafirisha kati ya majimbo isipokuwa palipo na ruhusa. Kizazi kinaishia hapa: katika miaka ya 1963 na 1964 Bally ilitoa Money Honey, yenye umeme na ndoo ya sarafu chini iliyoweza kulipa hadi sarafu 500 bila mhudumu. Mimi nakomea hapo. Mashine yenye waya ni ya fundi umeme.

Uingereza ina njia yake. Sheria ya kamari ya mwaka 1960 ilifungulia mashine hizi milango ya vilabu na baa, na baadhi ya zilizoingia zilitoka Japani, zimetengenezwa na kampuni iliyoitwa Service Games. Kata maneno hayo mawili, unganisha herufi mbili za mwanzo za kila moja: Sega. Ndiyo, ile ile ambayo watoto wetu waliijua kwa michezo ya televisheni. Mashine zake za mkono zilifuata mtambo wa Mills kwa karibu sana, na jambo hili litakusumbua mbele.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pasipo na mnada

Pa kwanza ni kwa wauza skrapu. Kisenyi na Katwe pale Kampala, na hapa Jinja njia zote za vyuma chakavu huishia kwenye viwanda vya kuyeyusha. Tatizo ni kwamba uso wa aluminiamu una soko la haraka zaidi kuliko wewe. Siku moja Katwe niliona kipande chenye mabawa kimeegemea ukuta wa banda, masizi yamekikaa. Nikamsalimu mwenye banda, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Haji, huyu ndege umempata wapi?"

"Huyo si ndege, mwanangu. Huyo ni sufuria mbili."

Nilimlipa bei ya sufuria tatu. Ulikuwa uso wa War Eagle ya Mills, umevunjika sikio moja. Kasha na mtambo havikuwepo, na Haji hakukumbuka aliyeuleta. Ndivyo ilivyo: unafika baada ya wenye kilo. Kwa hiyo acha namba yako ya simu kwa watu watano au sita, waonyeshe picha, na wakikupigia nenda siku hiyo hiyo hata kama ni kitu kibovu. Usipokwenda mara mbili hawakupigii tena.

Pa pili ni stoo za nyumba za zamani: maduka ya Kihindi ya Jinja, Mbale na Masaka yenye mwaka na jina vimechongwa juu ya paa, na vilabu vya enzi ya mkoloni. Majengo mengi yalirudishiwa wenyewe katika miaka ya 1990, wakayakuta na vitu vya watu watatu tofauti vimepangwa kwa mkupuo. Usiingie kwa kuuliza mashine ya kamari. Neno hilo linafunga mlango. Uliza mizani, cherehani, saa za ukutani, rejista za pesa. Mashine itajitaja yenyewe.

Pa tatu ni makontena ya vitu vya mitumba kutoka Uingereza, na pa nne ni kununua kwa mtandao. Hapo pa nne utalipa zaidi, lakini unaweza kudai picha za mgongo kabla hujatuma pesa. Asiyetaka kukutumia picha za mgongo ameshakujibu.

Popote ununuapo, andikeni makubaliano na mpate sahihi na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa hapo. Biashara ya skrapu ina macho mengi ya polisi, na kitu cha ajabu kwenye bodaboda kinahitaji karatasi.

Hatua ya 3: Mfuko wa kwenda nao

Tochi. Sumaku, hata ile ya spika mbovu. Kalipa ya kupimia, ya plastiki inatosha. Bisibisi bapa pana. Kitambaa cheupe. Simu yenye chaji. Na spana za inchi, ambazo wenye Bedford na Land Rover za zamani bado wanazo, azima.

Hatua ya 4: Soma mashine

Hapa usikimbie. Mimi hutumia saa nzima, na muuzaji akianza kuhema namwambia aendelee na kazi zake.

Anza na sumaku usoni. Ikishika, ni chuma; isiposhika, huenda ni aluminiamu au zinki. Mashine inayodaiwa kuwa ya 1908 yenye uso wa aluminiamu ina maswali ya kujibu. Zinki itambue kwa uzito wake na kwa nyufa ndogo ndogo kama za matope yaliyokauka. Ikishaanza kupasuka hivyo haitibiki, inaliwa kutoka ndani.

Kisha tundu la sarafu, ambalo kwangu mimi ndilo cheti cha kuzaliwa. Pima mfereji ambao sarafu inapitia, siyo mdomo wa nje tu, maana mdomo hubadilishwa. Senti 5 ya Marekani ina kipenyo cha milimita 21.2, senti 10 ni 17.9, robo dola ni 24.3, nusu dola ni 30.6. Peni ya zamani ya Uingereza ni karibu 31, sikspensi ni 19.4, shilingi ya Kiingereza ni 23.6, florini ni 28.5. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki, ile ya simba iliyoanza mwaka 1921, inakaribia 28. Kwa hiyo ukikuta mfereji wa milimita 28 na kitu, usirukeruke kusema mashine ilibadilishwa ili itumike huku. Nusu milimita ndiyo inayotenganisha simba wetu na florini ya Malkia, na kalipa iliyochoka haioni nusu milimita. Pima mara tatu. (Senti kumi yetu ya zamani sijawahi kuikutia mfereji, na sishangai. Sarafu yenye tundu katikati kwenye mashine ya kamari ni kumkaribisha mwenye uzi.)

Sarafu zilizokwama ndani nazo zinazungumza. Mashine yangu ya pili, niliyoipata kwenye stoo ya jengo lililokuwa linapakwa rangi upya, ilikuwa na sikspensi moja imebanwa kwenye kona ya mfereji, nyeusi kama mkaa. Niliitoa kwa kibano, nikaisugua kwa kidole: 1957. Haikuniambia mashine ilitengenezwa lini, ila iliniambia kuwa ilikuwa bado inakula pesa za Kiingereza mwaka huo au baadaye. Tena sikspensi ilikubalika Uingereza hadi 1980, ingawa walihamia pesa za mfumo wa kumi mwaka 1971, kwa hiyo dirisha ni pana. Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari, bila kuongeza.

Halafu skrubu na nati. Za kizamani ni za mfereji mmoja, na ncha zake zimeliwa na bisibisi za watu wengi. Kwenye nati, jaribu spana ya 13 kwenye nati inayoonekana ya 13. Ikiingia lakini inachezacheza, na ya 12 haiingii kabisa, hiyo ni nati ya nusu inchi, milimita 12.7, uko mikononi mwa Mmarekani. Ya 11 ikigoma kwa unywele, huenda ni 7/16. Nati moja ya milimita kati ya ishirini ni fundi fulani aliyepoteza. Nati zote za milimita ni mashine nyingine kabisa.

Sasa mgongo. Fungua mlango wa nyuma na umulike. Kwenye mashine nyingi za Chicago mtambo mzima unavutwa nje kama droo, kasha likabaki tupu. Kabla ya kuvuta kitu, elewa unachokiona.

Sarafu ikishuka inaachia kufuli ya mkono. Ukivuta, unakaza springi kubwa. Mkono ukifika mwisho magurudumu yanapigwa teke na kuanza kuzunguka. Pembeni kuna feni ndogo ya bati inayozunguka kwa kasi na kuzuiwa na hewa tu. Hiyo ndiyo saa. Saa ikiisha, makucha matatu yanaanguka moja baada ya jingine kwenye meno ya magurudumu, kushoto kwanza, kulia mwisho. Hapo ndipo vidole vya chuma vinapokwenda kupapasa sahani zilizotobolewa matundu. Matundu yakipangana, kidole kinazama, kibao cha chini kinaachiwa, na sarafu zinadondoka kutoka kwenye bomba. Akili yote ya mashine ni matundu hayo. Mtu alikaa Chicago akayapanga kwa hesabu, na miaka tisini baadaye bado yanajua kuwa machungwa matatu ni sarafu 10, plamu tatu ni 14, kengele tatu ni 18, na BAR tatu ni 20.

Linganisha basi kadi ya malipo iliyo usoni na matundu. Kadi ikisema kitu ambacho sahani hazina, kadi ni mpya au magurudumu ni ya mashine nyingine. Tazama pia utepe wa picha uliobandikwa kwenye magurudumu: karatasi ya zamani imepauka pale dirisha lilipoachia mwanga, na imebaki na rangi kwingine. Ikiwa na rangi sawa pande zote, ni chapa mpya. Si dhambi, lakini isilipiwe kama ya zamani.

Tafuta namba. Mara nyingi ziko mbili, moja imegongwa kwenye kasha na nyingine kwenye mtambo. Zikifanana, shukuru. Zisipofanana, una ndoa: kasha la huyu na moyo wa yule. Ndoa ni za kawaida, maana wenye mashine walikuwa wanabadilishana mitambo ili biashara isisimame. Inashusha bei, haiui mashine. Kibao kikiwa na namba za hataza (haki za mvumbuzi zilizosajiliwa) za Marekani, kumbuka kuwa hataza ya 1,000,000 ilitolewa Agosti 1911 na ya 2,000,000 ilitolewa 1935. Namba kubwa kuliko zote kwenye kibao ndiyo inayokuambia mashine haiwezi kuwa ya kabla ya lini. Haikuambii ni ya lini. Na anwani ya Marekani yenye tarakimu tano za posta mwishoni ni ya baada ya 1963, hata kama kibao kimetiwa kutu kwa siki na chumvi.

Mwisho angalia uchakavu umekaa wapi. Vidole vya watu vilikwangua kikombe cha sarafu upande mmoja, kwa sababu wengi hutumia mkono wa kulia. Rangi ililika chini ya tundu la sarafu na kuzunguka shina la mkono. Mwongo huchakaza kila mahali sawasawa, kwa msasa, kwa haraka. Mimi hupitisha kitambaa cheupe ndani ya pembe za chini: mafuta ya zamani yaliyochanganyika na vumbi huacha rangi ya kahawia inayonata. Hilo halijapata muigaji mzuri bado.

Hatua ya 5: Nani kaitengeneza

Mills ndiyo utakayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayoigwa zaidi. Tai, simba, ngome, cheri zinazopasuka: zote ni zake.

Jennings, ya Chicago pia, utaijua kwa kichwa cha chifu wa Wamarekani asilia mwenye manyoya. Ile iitwayo Chief ni ya nusu ya pili ya miaka ya 1930 na kuendelea, na mtambo wake ni mgumu kufa.

Watling ina Rol-A-Top ya 1935, ambapo sarafu za mwisho kuchezwa zinajipanga kwenye upinde juu ya uso, zikionekana nyuma ya kioo. Upinde huo ulikuwa ulinzi: aliyetumbukiza kipande cha bati alionekana na baa nzima. Ni nzuri mno, kwa hiyo nakala zake za karibuni ni nyingi mno. Ukiona Rol-A-Top inang'aa kama sinia la harusi, rudi hatua ya 4.

Pace ilikuwa na Comet na ile ndogo Bantam. Caille ya Detroit ilipenda mapambo mazito na mashine ndefu za kusimama sakafuni. Sijawahi kuigusa hata moja, nimeziona kwenye picha tu.

Sasa Sega. Kwa mbali utaapa ni Mills. Tafuta jina kwenye uso au kwenye kibao, angalia mfereji kama ni wa sikspensi, na usiruhusu muuzaji akutoze bei ya Chicago ya miaka ya 1930 kwa mashine ya Japani ya miaka ya 1960. Usiidharau pia. Kwa mtu wa huku anayeanza naona ndiyo mwalimu bora: ina mtambo ule ule wa kujifunzia, na ukivunja kitu hulii sana.

Hatua ya 6: Sheria, kabla mashine haijafika sebuleni

Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016. Inataka leseni kwa biashara ya kamari na inamkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza. Mashine zisizo na leseni zimekuwa zikikamatwa na kuteketezwa, na ofisa aliyepanda gari kuzifuata hana muda wa kusikia habari za Charles Fey. Kwa hiyo andika barua kwa mamlaka inayosimamia michezo hiyo, eleza kuwa ni kitu cha kale cha maonyesho, ambatanisha picha za mbele na nyuma, na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Fanya hivi kabla ya kuagiza kutoka nje.

Usiiweke baa. Usiiweke dukani "kwa urembo". Usimwachie mgeni atumbukize sarafu ya kwake hata kwa mchezo. Nunua kopo la sarafu za zamani, ziwe za mashine, zirudi kopo.

Forodha nayo ina jambo la kujua. Kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa, vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 viko kwenye fungu la 9706, na michezo ya sarafu iko kwenye fungu la 9504. Mashine ya 1912 na mashine ya 1936 si mzigo mmoja machoni pa forodha, na juu ya hayo kuna VAT ya asilimia 18. Mpe wakala wako ushahidi wa umri kwa maandishi mapema. Ukisubiri mzigo ushuke Mombasa ufike Malaba ndipo uanze kueleza, utalipia na maegesho. Kama muuzaji yuko Marekani, aulize sheria ya jimbo lake kwanza, kwa sababu baadhi ya majimbo huruhusu mashine zilizozidi umri fulani, mengine hayaruhusu kabisa.

Hatua ya 7: Kuifungua iliyogoma

Mkono ukigoma usiuvute kwa nguvu. Nimeona meno yaliyovunjwa na mtu mmoja mwenye misuli ambaye alitaka tu kuona. Mara nyingi ni sarafu iliyolala vibaya, au mafuta yaliyoganda.

Kitasa kisicho na ufunguo mpelekee fundi wa funguo. Mtaimbo unafungua mlango kwa dakika moja na unaharibu mbao za miaka themanini. Ukishaingia, piga picha kila pembe. Skrubu ziweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kuzitoa, tundu moja kwa kila sehemu. Vidole viweke mbali na springi kubwa mpaka uhakikishe imelegea. Springi iliyokaa imekazwa tangu uhuru haijasahau kazi yake.

Hatua ya 8: Kusafisha bila kuua

Vumbi letu jekundu likikutana na grisi linakuwa sementi. Lianze kwa mswaki mkavu, kisha mswaki uliochovywa kidogo kwenye mafuta ya taa, nje, mbali na jiko. Futa, acha likauke siku nzima. Halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli, tone, siyo kijiko. Sahani za matundu na vidole vyake viache vikavu. Mafuta hapo yanakusanya vumbi na mashine inaanza kusema uongo, inalipa isipopaswa na kunyima inapopaswa. Grisi usiilete karibu.

Utepe wa picha usiuguse na maji. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, ina madini ya risasi ndani yake na mapafu ni yako. Na nakuomba sana usiipeleke kwa mpiga rangi wa magari. Nimeona tai mmoja amepakwa rangi ya fedha ya Toyota, mpaka leo akija akilini nafumba macho.

Mbao zipigie hodi kwa kucha kila mwezi. Sauti ya mvungu ni mchwa au bungua. Inua kasha juu ya vipande vya bati au vigae, lisiguse ukuta wala sakafu, na kama unakaa karibu na ziwa kama mimi, lifunike kwa shuka ya pamba. Nailoni inafuga unyevu.

Hatua ya 9: Daftari na majaribio

Kila mashine na ukurasa wake: ilipatikana wapi, kwa nani, vipimo vya mfereji, namba zote mbili, sehemu zilizobadilishwa na nani alizibadilisha. Nilichobadilisha mimi nakitia alama ndogo kwa rangi nyeupe upande usioonekana, ili atakayeifungua baada yangu asidhani ni cha Chicago.

Kisha ijaribu. Vuta mara kumi bila sarafu, ukisikiliza tu. Unataka kusikia teke, mvumo wa feni, halafu tak, tak, tak, kushoto, katikati, kulia, na nafasi inayokaribiana kati ya mlio na mlio. La kulia likitangulia la katikati, au matatu yakasimama kwa mkupuo, kuna kucha halijaachia au feni bado ina uchafu. Toa mtambo, rudi kwenye mswaki. Yakisimama vizuri, weka sarafu 30 za kipimo sahihi kwenye bomba, moja kwenye tundu, uvute.

Ile ya sikspensi ilinirudisha kwenye mswaki mara nne. Mara ya tano ilisimama na cheri mbili, ikanyamaza kidogo kama inahesabu, ikanitemea tatu.